Ungo wa Betri

Mama yangu alikiita redio. Kule kliniki Dodoma waliniambia kinaitwa shimesikio, kifaa cha kumsaidia kiziwi kusikia, wifi yangu alikiita kidude, na watoto wa majirani zangu wa Mandewa, Singida, walidhani ni simu ya kuvaa sikioni. Kwa mama ilikuwa redio tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na laiti angekipa jina lingine lolote.

Nilipoteza usikivu nikiwa darasa la saba, kwa homa ya uti wa mgongo. Ilikuwa masika, na masika ya Kintinku, kijijini kwetu, si ya kuchezea: mbuga hujaa maji, njia hukatika, na mgonjwa hubaki alipo. Mama alininywesha dawa za mizizi na kuniombea huku akisubiri maji yapungue. Nilipona, ila sikio la kulia lilikufa kabisa, na la kushoto likabaki na kijitundu ambamo hata ngurumo ilipita kwa taabu. Hakuna aliyemlaumu mama. Alijilaumu mwenyewe. Kila nilipokwenda nyumbani, hata nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu, ilikuwa lazima siku moja ajigonge kifua kwa ngumi, anyooshe kidole kwenye sikio langu, kisha atikise kichwa taratibu. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyoweza kuisema kwa mikono.

Maana mama hakujua kusoma wala kuandika. Mimi nasoma midomo ya watu, lakini midomo ya Kiswahili, na mama alisema Kigogo, meno ya mbele yalikuwa yameshaondoka, na akiwa na jambo la maana alijifunika mdomo kwa pindo la kanga kama walivyolelewa wanawake wa rika lake. Haya, soma hapo. Sauti yangu mimi nilibaki nayo, kwa hiyo niliweza kumweleza lolote. Yeye kunijibu ndiko kulikokuwa na kazi: kula, lala, chumvi, ng'ombe, umekonda. Lugha yetu ilikuwa ya jikoni. Ungeweza kuomba maji kwa lugha hiyo, lakini usingeweza kumuuliza mtu kwa nini jana alilia.

Mimi ni fundi cherehani. Kiziwi na cherehani ni majirani wema, hawasumbuani. Wanaosumbua ni wateja. Mtu akigundua husikii, hupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka, kana kwamba uziwi ni ukaidi. Akiona bado husikii, humgeukia mwenzake akasema "maskini," neno ambalo nalisoma mdomoni hata msemaji akiwa ng'ambo ya barabara. Nimeshona magauni ya watu wengi nikiwa na hasira. Yalikaa vizuri vilevile.

Niliishi hivyo miaka mingi na sikuwa na haja ya kusikia. Wazimu wa kusikia ulinipata mama alipoanza kuugua tumbo, na daktari akamwambia kaka yangu kwamba tumrudishe nyumbani tukamtunze. Sote tunajua maana ya maneno hayo. Sikutaka kusikia muziki wala mahubiri. Nilitaka kumsikia mama anasema nini kabla hajanyamaza, basi.

Kaka aliuza mbuzi, mimi nikauza cherehani yangu ya pili, na nikapelekwa Dodoma kwa fundi wa masikio, mama mmoja mwenye subira ambaye kila alilotaka kuniambia aliliandika kwa herufi kubwa. Aliniandikia kwamba betri za kifaa hiki si kama za tochi. Ni ndogo, punje ya hindi ni kubwa kidogo, na kila moja imebandikwa kikaratasi chenye rangi. Zinaishi kwa hewa. Ukishabandua kile kikaratasi, betri huanza kwisha, uitumie usiitumie. Chini kabisa akaandika na kupigia mstari: ZISIPATE UNYEVU.

Safari ya kwanza kwenda Kintinku na kifaa sikioni, kilichonipokea kilikuwa upepo. Ule upepo wetu wa vumbi uliingia sikioni kwa kishindo cha lori, nikashika kichwa pale pale kituoni. Halafu mbuzi. Halafu mlango wa bati wa nyumba yetu, ambao kumbe unapiga kelele kiasi kile na hakuna aliyewahi kuniambia. Mama alikuwa ukumbini. Akasema, "Mbukwa, mwanangu," salamu ya kwetu.

Sauti niliyoitunza kichwani miaka yote ilikuwa ya mwanamke kijana anayeita kuku. Hii ilikuwa ya bibi, kavu, ina mikwaruzo. Nililia kama mtoto, naye akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kulekule.

Nilidhani tutaongea. Sikuwajua majirani. Habari ilienea kwamba kiziwi amenunua masikio, na kijiji kizima kikaja kunijaribu. Mmoja alisimama nyuma yangu akaita jina langu, mwingine akapiga sufuria, mzee mmoja akataka niseme saa yake inatoa mlio gani. Walikuwa na furaha ya kweli, siwezi kuwatukana, lakini walinilia siku zangu zote. Mama alikaa pembeni na kanga yake mdomoni akiwatazama. Asubuhi ya kuondoka alinivuta mkono, akasema kwa Kigogo, nami nikasikia kila neno: "Ukirudi tutakaa wawili tu. Nina neno lako."

"Niambie sasa, mama."

"La kusimama mlangoni siyo hilo."

Kwetu kitu cha thamani hakikai kwenye chumba cha kupanga, kinakaa kwenye sanduku la mama. Vyeti vyangu vya shule vilikuwa humo, na kitenge changu cha ubarikio wa kanisani. Kwa hiyo pakiti za betri nazo nilimkabidhi mama, nikabaki na ile iliyokuwa kwenye kifaa na nyingine ya akiba. Nikamwambia, "Ziweke pakavu, mama. Zisipate unyevu hata kidogo." Akazipokea kwa mikono miwili.

Nikarudi Singida kumalizia nguo za harusi za watu. Kabla sijamaliza, wifi akanitumia ujumbe: mama hali chakula tena, njoo. Niliacha nguo zikiwa na pini.

Ndani ya basi, tulipoipita Manyoni, kifaa kikaanza kulia pi, pi, pi sikioni. Ndiyo dalili ya betri kuchoka, na ya akiba nilikuwa nimeshaitumia. Sikushtuka. Sanduku lilikuwa linanisubiri.

Nilimkuta mama amelazwa kwenye mkeka barazani, amekuwa mdogo ajabu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kifaa kikalia mara ya mwisho, kisha dunia ikafungwa. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwa mama yangu.

Nikacheka, nikajigusa sikio. "Redio imekata, mama. Nipe betri." Uso wake uling'aa. Akampungia wifi mkono, na wifi akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ungo.

Ungo ulikuwa na majani ya mlenda yaliyoanikwa upande mmoja, na upande wa pili betri zangu. Zote. Zimebanduliwa vikaratasi, zimepangwa kwa mistari, zinameremeta. Niliokota moja ikaniunguza vidole.

Wifi alinieleza polepole ili nimsome mdomo. Tangu siku niliyoondoka, kila asubuhi jua likichomoza, mama alizitoa sandukuni akazianika, na jioni akazirudisha. Hata siku alizoshindwa kukaa alitambaa mpaka kwenye ungo. Vile vikaratasi alivibandua mwenyewe kwa kucha, betri baada ya betri, kwa sababu kitu kilichofunikwa hakipati jua sawasawa. "Nilimwuliza," wifi akasema, "akajibu ulimwambia unyevu ni mbaya. Na betri zikipigwa jua zinakaza."

Nani kwetu asiyejua hivyo? Betri za redio zikichoka unazianika juu ya bati, jioni unasikiliza taarifa ya habari. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo ndiye niliyetumwa kuzipandisha. Mama alifanya lile ambalo kila mtu mwenye akili angelifanya kwa redio.

Alikuwa ananitazama akisubiri. Nilimjua mtazamo ule, ni wa mtu aliyekuwekea chakula na anataka kukuona ukila. Nikaona pia ngumi yake ikiwa imetulia juu ya kifua, ile ngumi ya uziwi wangu wa kwanza. Nikajua kwamba nikisema neno moja tu, mama yangu ataondoka duniani akiwa amenifanya kiziwi mara mbili.

"Ahsante, mama," nikasema. "Zimekauka vizuri."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikazijaribu moja baada ya nyingine. Ingiza, funga, subiri. Hakuna. Toa, ingiza nyingine. Nilizipuliza, nikazisugua kwenye kanga, nikazing'ata. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua na nikamtukana kwa mojawapo. Hakuna.

Wifi akaja akaniambia kwamba awali zilikuwa zaidi ya hizo. Kuku walivamia ungo siku chache nyuma, wakadonoa kabla hawajafukuzwa. Mtu mwenye akili zake angesikitika akaishia hapo. Mimi nikawaza: iliyo tumboni mwa kuku haipigwi jua. Nikamwambia wifi amkamate jogoo mwekundu ambaye yeye alimwona akidonoa. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa wa pili nyumbani, lakini alimkamata. Tulimchinja, nikapasua firigisi kwa mikono yangu, na kweli, katikati ya changarawe na punje za mtama, ilikuwepo moja. Nyeusi, imeliwa pembeni. Niliiosha, nikaifuta, nikaiweka. Nilikaa chini penye manyoya, damu mikononi, kidude sikioni, nasikiliza. Hakuna.

Mama alikunywa mchuzi wa yule jogoo vijiko viwili. Akanionyesha kwa mkono: mtamu. Alidhani nimemchinjia yeye.

Kesho yake alfajiri nilipanda gari kwenda Manyoni. Nilizunguka maduka ya simu, ya saa, ya redio. Wengi walinipungia mkono nikiwa bado mlangoni, maana mwanamke anayepaza sauti asiyoisikia mwenyewe hutisha. Mzee mmoja wa Kihindi, ambaye ukoo wake umeuza saa pale tangu zamani, ndiye aliyenikalisha. Nilimwamkia, akaitika, akakitazama kifaa kwa kile kioo chake cha jichoni, akafungua droo baada ya droo. Alipata betri ya saa inayokaribiana. Tulipoiweka nikasikia shhh, kama mafuta yakianza kupata moto, kisha kimya. Tukajaribu nyingine. Kimya. Mzee alivua kioo, akasema taratibu nimsome, "Binti, hii si ya saa. Pole sana." Pole yake niliipokea.

Nikiwa dukani kwake, ujumbe wa yule fundi wa masikio, niliyekuwa nimemwandikia alfajiri, ukaingia. Betri zipo. Atampa kondakta wa basi kesho asubuhi, nikazipokee Kintinku.

Kesho. Nilirudi nyumbani nimelishika neno hilo.

Mama alikuwa ameamka. Wifi alikuwa amemwogesha na kumvika kanga mpya, na macho yake yalikuwa makavu, yana kazi. Aliponiona aliwapungia mkono wote watoke: kaka, wifi, jirani aliyekuja kumjulia hali. Wakatoka. Akapapasa mkeka, nikakaa. Akanyoosha kidole kwenye kifaa sikioni mwangu, akatabasamu.

"Mama, pumzika," nikasema. "Tutaongea kesho."

Akatikisa kichwa. Akagusa kifaa tena, kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama kinaweza kuumia. Ndipo akalivuta pindo la kanga, akafunika mdomo, akaanza.

Nilitazama pindo likipanda na kushuka. Nilitazama koo lake, na macho yake, na ule mkono mmoja uliokuwa ukisema mambo yake juu ya goti langu. Alizungumza muda mrefu. Sikujua kama mama yangu ana maneno mengi kiasi kile. Niliitikia kwa kichwa. Mahali fulani macho yake yalicheka, nikacheka. Mahali fulani akajigonga kifua kwa ngumi, akaliacha sikio langu bila kulionyesha, akaendelea mbele, kwa hiyo habari ya masikio ilikuwemo lakini haikuwa yenyewe. Akalia. Nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha kuiga. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango uliofungwa, mama yangu yuko upande wa pili anatoa vyombo vyote vya ndani ananipa, navyo vinaanguka chini.

Mtu ataniuliza kuhusu simu. Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu, ina chaji, ina mahali pa kurekodi sauti. Wazo hilo lilinijia matanga yakiendelea, nikiwa nachambua mchele, nikaliachia sinia chini. Sina la kuongeza hapo.

Kisha mama akanyamaza. Akashusha kanga, akainua nyusi, akanitazama. Akasubiri.

Lilikuwa swali. Nilimwona akirudia, mdomo wazi safari hii, midomo imekunjamana bila meno, maneno mafupi ya Kigogo. Nilikaza macho mpaka yakauma. Sikulipata hata moja. Akanishika mkono. Nguvu alizokuwa nazo sijui alizitoa wapi. Alikuwa anataka jibu, na majibu yaliyokuwepo duniani yalikuwa mawili.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akafumba macho. Uso wake ukalegea wote, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akalala akiwa bado amenishika.

Hakuamka. Aliondoka kabla hakujakucha vizuri, na mimi nilijua kwa mkono.

Basi la Dodoma lilichelewa, likafika alasiri tukiwa makaburini. Kaka alimtuma mtu kituoni, na kifurushi kikanifikia wakati wanaume wanafukia. Nilibandua kikaratasi, nikasubiri kidogo betri ipate hewa kama nilivyofundishwa, nikaiweka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya majembe. Ya pili ilikuwa ya wifi akilia. Kila kitu kilisikika vizuri mno. Nikamsikia shangazi nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye aliyeagana naye. Walikaa peke yao."

Jioni walinizunguka. Shangazi akaanza, "Mama yako alikwambia nini, mwanangu?" Kaka akauliza vilevile. Baba mdogo akaweka kikombe chini asikilize. Miaka yote nilikuwa naona midomo ya ndugu zangu ikienda bila sauti, na siku nilipowasikia sawasawa wote walikuwa na swali moja.

"Aliniaga," nikasema. Walingoja. "Alituaga sote."

Baadaye nilimvuta wifi jikoni. Nilimwuliza kama alikuwa karibu na mlango, kama alishika hata neno moja. Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama sikio, akanitazama usoni, akaelewa, akaweka mkono mdomoni.

"Sikusikia, wifi yangu," akasema. "Mama alikuwa ananong'ona. Nilikusikia wewe tu. Ulisema, ndiyo, mama."

Sasa nimerudi Mandewa, nashona. Redio inafanya kazi, betri nazitunza kwenye mkebe wa sindano, na wateja wakisema "maskini" huwa nageuka kuwajibu, jambo linaloniburudisha. Wanasema nimepata bahati. Lakini nilimwahidi mama kitu, akafa ameridhika, na sijui ni kitu gani. Labda ni kumsamehe mtu. Labda ni kurudi nyumbani. Kuna mwanamume ameleta posa, nimemwambia angoje, maana huenda mama alilisema hilo pia, na sijui alilisema kwa upande upi. Kaka anataka tuuze shamba la mpunga la mama. Jana amepiga simu tena, nimemsikia kila neno, akaniuliza, "Mama hakukwambia chochote kuhusu shamba?"

Nimemwambia angoje.